Sanaa ya vioo nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wanafunzi wa sanaa, mafundi madirisha, wateja, na akina mama wa vikundi vya ufinyanzi wanaotaka kujaribu kioo. Mengine nimeyajibu mara nyingi mno. Mengine niliulizwa mara moja tu, lakini hayajanitoka kichwani.

Uliingiaje kwenye kazi hii?

Nilikulia Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, ambako watoto wa Kisoga, Kisamia, Kijaluo na wa kutoka Kongo tulicheza pamoja kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana sote. Baba yangu mdogo alikuwa fundi madirisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika upande wa pili wa kioo asikidondoshe. Baadaye akanifundisha kukata: chovya kikatio kwenye mafuta ya taa kidogo, chora mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, wala usirudie juu yake. Mstari mzuri unausikia kabla hujauona, kwa sauti nyembamba kama ya hariri inayochanwa. Mkono ukishalegea katikati, kioo kitafuata njia yake chenyewe.

Vipande vilivyobaki alikuwa akivitupa kwenye ndoo nyuma ya duka. Siku moja nilivipanga kwenye tanuri la jirani yetu mfinyanzi, pembeni mwa vyungu vyake, nione kitakachotokea. Asubuhi nilikuta vimeshikana na kuwa kipande kimoja laini, kingo zimekuwa mviringo kama kokoto za mtoni. Mchana kikapasuka chenyewe mezani, bila kuguswa. Nimetumia miaka mingi kuelewa kilichotokea kati ya asubuhi ile na mchana ule, na karibu kila ninachokijua kuhusu kioo kimo ndani ya jibu hilo.

Kwa nini basi kilipasuka? Na changu je, kilichokaa siku mbili ndipo kikapasuka?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kioo hakipasuki kwa sababu ya moto peke yake. Mara nyingi kinapasuka kwa namna kilivyopoa. Ukikitoa kwenye joto, ngozi ya juu hupoa na kukaza kwanza, huku kiini bado kina moto na kimetanuka. Kiini nacho kikianza kupoa kinataka kusinyaa, lakini ngozi imeshakuwa ngumu na haikubali kukifuata. Mvutano ule unafungwa humo ndani. Kwa macho huoni kitu. Kinaweza kukaa saa, siku au hata miezi, mpaka upepo wa baridi au mkwaruzo mdogo ukifungue.

Dawa yake ni kukituliza. Kwa kioo cha kawaida cha dirisha, ukishakiyeyusha kwenye nyuzi 800 na kitu za Selsiasi, unaliacha tanuri lishuke hadi kwenye nyuzi 550 hivi, kisha unalishikilia hapo. Kwenye joto hilo kioo ni kigumu kiasi cha kutopoteza umbo, lakini bado kinaweza kujilegeza ndani. Baada ya hapo unalishusha polepole. Kwa kazi yenye unene wa milimita 6 mimi hushikilia saa nzima, halafu nashusha nyuzi 60 kwa saa hadi 400, kisha nazima na kuondoka. Sifungui mlango mpaka kesho yake. Wanagenzi wangu wanajua kwamba kuchungulia tanuri lenye joto ni kosa ambalo silipuuzi.

Unene nao una hesabu yake: ukiuzidisha mara mbili, muda wa kupoza hauzidi mara mbili, bali mara nne hivi. Kioo cha darubini ya Palomar huko Marekani, chenye upana wa mita 5, kilimiminwa mwaka 1934 na kikapozwa kwa miezi 10. Ndiyo maana nikiletewa oda ya bamba nene la kaburini litakaloondoka baada ya wiki mbili, naikataa.

Kioo chako kinatoka wapi?

Kinatoka kwa mafundi madirisha. Mabaki ya milimita 4, 5 na 6 yanapatikana katika kila mji wa Uganda, na mafundi wengi watakupa bure ukiwa mtu wa kurudi na kusalimia vizuri. Hicho ndicho kioo ninachomshauri kila anayeanza, kwa sababu ni safi, ni bapa, na kipande kikivunjika hujapoteza ada ya shule ya mtoto.

Usichukue kioo cha dirisha la pembeni la gari. Kile kimekazwa makusudi kiwandani, na ukijaribu kukikata kinamwagika chote kuwa punje. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati, na moshi wake tanurini ni mbaya.

Chupa ni jambo jingine. Za bia hapa kwetu zina kreti zake na amana yake, zinarudi kiwandani, kwa hiyo sizigusi zikiwa nzima. Nakusanya zilizovunjika kwenye baa na maghala, pamoja na za waragi (pombe kali ya hapa kwetu), ambazo ni nyeupe na zinafaa sana kusagwa kuwa chenga.

Naweza kuyeyusha chupa pamoja na kioo cha dirisha?

Hapana, mpaka upime kwanza. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kipimo chake. Viwili visivyolingana vitashikana vizuri kwenye moto, kisha vikipoa kimoja kitavuta na kingine kitabaki nyuma. Kutuliza hakuponyi ugonjwa huo. Hata chupa mbili za rangi moja zinaweza kutofautiana kama zimetoka viwanda tofauti. Mimi hutengeneza kazi nzima kutoka kioo kimoja: dirisha moja, au chupa za aina moja.

Kipimo chenyewe hakina gharama kubwa. Chukua kipande kidogo cha kioo A, kiyeyushe juu ya kipande kipana cha kioo B, kipoze vizuri. Halafu tafuta miwani miwili ya jua ya polaroidi, zungusha lenzi moja juu ya nyingine mpaka zote mbili ziwe nyeusi, kisha weka sampuli yako katikati na uangalie dhidi ya mwanga. Ukiona nuru nyeupe imezunguka kile kipande kidogo, kuna mvutano. Pasipo na nuru, vinaelewana. Mara ya kwanza nilipoiona nuru ile nilikaa chini. Kitu kilichokuwa kikinivunjia kazi miaka yote kilikuwa mbele yangu, kinaonekana.

Tunao mchanga wa Ziwa Nalubaale (Viktoria). Mbona hatutengenezi kioo chetu wenyewe?

Ni kweli, mchanga mweupe wa Bukakata na Diimu, upande wa Masaka na Rakai, ni wa silika nzuri. Lakini silika peke yake inahitaji nyuzi 1,700 hivi kuyeyuka. Ndiyo maana inachanganywa na magadi yanayoshusha joto hilo, pamoja na chokaa inayokifanya kioo kisiyeyuke kwenye maji. Kioo cha dirisha ni silika kwa asilimia 70 na kitu. Kutengeneza kutoka mwanzo kunataka tanuri linalowaka usiku na mchana bila kuzimwa. Kwa msanii mmoja, kuyeyusha tena kioo ambacho kipo tayari kunagharimu sehemu ndogo tu ya moto huo. Kiwanda ni habari nyingine, nami ningefurahi kukiona.

Kioo si sanaa ya Wazungu?

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniuliza hivi mbele ya wanafunzi wake, na nilimjibu kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Ile-Ife, Nigeria, walikuwa wakitengeneza kioo na shanga zake karne nyingi kabla meli ya Mreno haijafika pwani ile. Bida, pia Nigeria, kuna ukoo wa mafundi wa kioo wa Kinupe uitwao Masaga. Wakrobo wa Ghana wanasaga chupa kuwa unga, wanaujaza kwenye kalibu za udongo, wanachomeka kijiti cha jani la muhogo katikati, kisha wanachoma: kijiti kinaungua na kuacha tundu la uzi. Nimeifanya njia hiyo hapa Jinja kwa udongo wa kawaida na unga wa chupa ya waragi, na inafanya kazi. Kwa mtu asiye na senti ya kununua vifaa, sijui njia bora zaidi.

Kwetu huku, shanga za kioo zilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, zikatumika kama fedha. Zile nyekundu za samesame zilitafutwa kuliko nyingine. Kwa hiyo bibi zetu waliijua rangi ya kioo, waliichagua na kuikataa, kabla hawajawahi kuona dirisha.

Rangi unazipataje?

Rangi ya kioo ni madini. Chuma hutoa kijani, na ndiyo maana ukiangalia dirisha kwa ubavuni linaonekana la kijani. Kobalti hutoa buluu nzito. Shaba hutoa feruzi, na ikinyimwa hewa hutoa wekundu wa divai. Manganizi hutoa zambarau.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba madini hayo tumeishi nayo. Shaba ya Kilembe ililetwa kwa reli kutoka Kasese kuyeyushwa hapa hapa Jinja, na mabaki ya machimbo yale baadaye yalichenjuliwa kobalti huko huko Kasese. Mimi nafanya kwa udogo tu: nanunua waya wa shaba kwa mafundi wanaofunga mota upya, naunyoosha kwa nyundo mpaka uwe utepe, naulaza kati ya vioo viwili. Ukitoka tanurini, katikati umebaki mwekundu na kandokando umezungukwa na kivuli cha feruzi. Nunua kwa fundi mwenye duka na udai risiti. Waya wa kuibwa kwenye transfoma umeua vijana wetu.

Ile kazi yenye alama kama za kitambaa unaifanyaje?

Ni lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. UNESCO iliitambua mwaka 2005, lakini mimi niliipenda kwa mgongo wake, mahali nyundo ya mbao inapoacha mifereji midogo. Nabonyeza lubugo kwenye udongo laini, naumwagia plasta ya Paris iliyochanganywa na unga wa silika, nusu kwa nusu kwa uzito, na ikikauka kabisa nalaza kioo juu yake. Kwenye nyuzi 780 hivi kioo kinazama taratibu na kunywa kila mfereji. Ukikisimamisha mbele ya dirisha, mwanga unapita kwenye gome ambalo halipo tena.

Kalibu ikiwa na unyevu hata kidogo, mvuke utaipasua. Mimi huikausha wiki nzima, na msimu wa mvua, wiki mbili.

Nianze na tanuri gani? Na umeme ukikatika?

Anza na tanuri dogo la umeme la kilowati 3 hivi, linaloweza kutumia soketi ya kawaida yenye waya mzuri. Mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kukutengenezea sanduku ukiwapelekea mchoro. Matofali mepesi ya kuzuia joto na kidhibiti chenye kipimajoto nunua vipya, usibahatishe. Kidhibiti ndicho kitakachokesha badala yako.

Umeme ukikatika wakati tanuri linapanda, hakuna hasara kubwa, utaanza upya. Ukikatika juu ya nyuzi 600 wakati wa kushuka, usifungue, usisogeze, funika matundu yote. Tanuri lililojengwa kwa matofali mazito mara nyingi hushuka polepole kiasi cha kuokoa kazi nyembamba. Unaporudi, ipandishe kazi tena taratibu na uitulize upya. Unaokatika kati ya 550 na 400 ndio ulioninyang'anya kazi nyingi zaidi, kwa hiyo siku hizi napanga hatua hiyo iangukie usiku wa manane, mzigo wa umeme mtaani unapokuwa mdogo.

Rafu za tanuri paka kaolini (udongo mweupe laini) iliyokorogwa na maji na unga wa alumina, la sivyo kioo kitashika rafu na utazipoteza zote mbili. Kaolini ya Mutaka ni yetu na ni nzuri.

Kuna hatari gani?

Wengi wanaogopa kukatwa. Kukatwa kunapona. Vumbi ndilo adui. Unga wa kioo na hasa unga wa silika ukivutwa miaka mingi huharibu mapafu, na mapafu hayo hayarudi. Saga kioo kikiwa na maji, vaa barakoa ya vumbi ya kweli (si ya kitambaa), futa sakafu kwa tambara bichi, usifagie. Lehemu yenye risasi isishikwe kabla ya kula, na watoto wasiingie chumbani humo. Miwani ya macho kila siku, bila mjadala.

Jicho langu moja halioni. Nitaweza?

Dada mmoja kutoka Iganga aliniuliza hivi, na nilimwambia habari za Dale Chihuly wa Marekani, aliyepoteza jicho la kushoto katika ajali ya gari mwaka 1976, na miaka mitatu baadaye akaumia bega asiweze tena kushika bomba la kupulizia. Aliacha kupuliza, akaanza kuchora na kuelekeza kikosi, na kazi zake kubwa zaidi zilikuja baada ya hapo. Na hapa jirani, karakana iitwayo Shanga, ya Arusha, Tanzania, inatengeneza vyombo kutoka chupa zilizokwishatumika, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Dada yule leo anakata kioo vizuri kuliko mimi. Anapima kwa kidole.

Wapi naweza kuona kioo kikipulizwa?

Karibu nasi ni Arusha, na Kitengela nje ya Nairobi, ambako Nani Croze alianzisha kazi ya vioo vya rangi, na mwanawe Anselm ana karakana ya kupuliza inayotumia kioo chakavu. Kapande basi, ulale, ukaone. Mtu aliyekiona kioo kikitoka tanurini kama asali, kwenye nyuzi 1,100, anarudi na maswali mazuri.

Kwa vioo vya rangi vilivyojengwa ukutani, nenda Hekalu la Kibahai la Kikaaya, Kampala, lililofunguliwa mwaka 1961. Vioo vyake vililetwa kutoka Ujerumani, lakini mawe na mbao ni za hapa. Kaa ndani saa nzima asubuhi uone rangi zinavyotembea sakafuni.

Nisome wapi?

Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930, na Chuo Kikuu cha Kyambogo. Utajifunza kuchora, uchongaji na ufinyanzi, na ufinyanzi ndio mlango wa karibu zaidi na kioo, kwa sababu utaijua tabia ya moto. Kwa Waswahili Makerere ina historia nyingine: Sam Ntiro na Elimo Njau, Watanzania, walisomea hapo, na Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyefundisha hapo, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Sanaa ya Afrika Mashariki ilivuka mipaka yetu mapema sana.

Lakini usidharau mwaka mmoja kwa fundi madirisha. Nimepokea wenye shahada ambao hawajui kubeba kioo.

Nipange bei vipi?

Andika vitu vyote: kioo, umeme wa tanuri, saa zako, fremu, usafiri. Kisha ongeza hesabu ya kuvunjika. Kama kati ya kazi tano unapoteza moja, nne zilizobaki lazima zibebe gharama ya ile ya tano. Wengi wanasahau hili, na ndilo linalowafilisi. Galari nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50, kwa hiyo bei ya karakanani na ya galari iwe moja, la sivyo galari itakuacha, na itakuwa na haki.

Kwa oda, dai nusu kabla hujakata kipande cha kwanza. Hoteli moja ilinichukulia mabamba sita kwa maneno matupu, na nusu ya pesa sijaiona hadi leo. Niliumia, kwa sababu nilikuwa na mafundi wawili wa kulipa. Tangu siku hiyo kila kazi ina karatasi yenye sahihi, na michoro yangu ninaisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda msanii tangu anapoiumba kazi, ila cheti hurahisisha maneno mbele ya mtu mbishi.

Maonyesho je? Nani ataangalia kioo?

Anza na Nommo Gallery pale Nakasero, Afriart, na nafasi za ukaazi wa wasanii za kituo cha sanaa cha 32° East, Kampala. Wapelekee picha zilizopigwa mwanga ukitokea nyuma ya kioo, maana kioo kilichopigwa picha kwa taa ya mbele kinaonekana kama sahani. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya Venice, kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na lilitajwa kwa heshima. Nilifikiri sana kuhusu hilo: mjini Venice, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, watu walisimama mbele ya ukindu na magome yaliyosukwa na wanawake wetu. Waganda wale hawakwenda kuwaonyesha kile wanachokijua tayari.

Kioo changu kilichowekwa kwenye fremu ya chuma kilipasuka dirishani. Kosa la nani?

Pengine la fremu. Kazi yangu ya kwanza ya kanisani ilipasuka hivyo, na kosa lilikuwa langu. Nilikibana kioo chuma kwa chuma, upande wa magharibi, jua la saa tisa likakipiga, na hakikuwa na pa kutanukia. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande, ijaze kwa mpira au silikoni.

Unasafirishaje kazi?

Kioo hakilazwi. Kinasimamishwa wima, kwa ukingo wake, kwenye sanduku la mbao lenye majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa. Kwa bodaboda nakubali kipande kisichozidi upana wa kifua cha abiria, naye akikumbatie. Vingine vyote ni kwa gari, na mimi nakaa nyuma navyo.

Unapokea wanagenzi?

Wawili kwa mwaka. Miezi mitatu ya kwanza ni kukata tu, na kufuta sakafu kwa tambara bichi. Njoo Jumamosi asubuhi ukiwa umevaa viatu vilivyofunikwa, na ulete kipande cha kioo ulichokikata mwenyewe, hata kama kimepinda. Nitataka kukusikia ukikata kingine.